Wimbo Niliomtungia Syombua

Mwanangu, iko siku moja ambayo huja kichwani mwangu bila kuitwa, hasa nikiwa jikoni. Ningependa kukusimulia siku niliyofanya jambo la maana, kwani wazee wenzangu wanazo za kwao na huzirudia kila wakipata kikombe cha chai. Mimi nimetafuta yangu, na kila nikitafuta nakutana na hii. Umekuja kuniomba baraka, basi keti kwanza, nikusimulie aibu yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa hapa Mwala. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu, na nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila kujivuna, maana imeshaondoka, kama ulivyosikia mwenyewe Jumapili kanisani. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo za mwethya. Kwetu Wakamba mwethya ni majirani kuitana kazini: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anatupikia. Udongo wetu ni mwepesi. Mvua ikija kwa hasira unashuka wote mtoni, kwa hivyo asiye na matuta hana shamba. Na jembe bila wimbo ni zito sana.

Kisha serikali ikaupenda mwethya wetu. Naibu wa chifu alitangaza barazani kwamba kila nyumba itatoa mwanamke mmoja Jumanne na Alhamisi, na asiyefika atatembelewa. Tulijua maana ya kutembelewa. Askari wawili wa utawala waliingia jikoni kwako wakabeba kuku au sufuria, na kuvipata tena ilikuwa kazi ya kupiga magoti. Haya yote yaliitwa maendeleo. Ukiuliza swali, ulikuwa unapinga maendeleo, na mpinga maendeleo alikuwa anampinga yule mkubwa ambaye picha yake ilitundikwa katika kila duka. Hakuna aliyetufundisha hivyo darasani. Tulijua tu, kama mtoto anavyojua kutogusa mafiga yenye moto.

Baadaye tukaanza kupakiwa kwenye lori hadi upande wa Konza, kwenye shamba la mtu mkubwa ambaye hatukuwahi kumwona. Tulimchimbia matuta wiki baada ya wiki huku yetu yakibomoka. Hakuna aliyesema neno ila Syombua.

Syombua alikuwa jirani yangu, mjane mwenye watoto wanne, na shamba lake lilikuwa mteremkoni. Ndiye aliyenipokea nilipoolewa, akanionyesha mahali pa kuchimba mchanga wa mto ili kupata maji yasiyo na chumvi. Siku ya baraza lililofuata alisimama, leso kiunoni, akauliza kwa upole, "Naibu, mimi niko na swali moja tu. Hii mitaro tunachimba huko Konza, ni ya shamba ya nani?"

Watu walitazama chini. Naibu hata hakukasirika. Alicheka, akasema mama huyu amechomwa na jua, akaendelea na habari za chanjo ya ng'ombe.

Siku ya pili naibu alikuja nyumbani kwangu. Alikunywa uji, akausifu, akaongeza kikombe. "Mama Kioko," akasema, "wewe uko na kipaji. Hawa watu wanakusikia kuliko mimi. Kuna mgeni mkubwa anakuja mwezi ujao, na ni nyinyi mtamwimbia. Lakini huyu Syombua anatuharibia jina. Mtungie kitu kidogo. Watu wacheke tu."

Watu wacheke tu. Hakuniambia nimpige mtu wala nimchongee kwa polisi. Na nilifurahi, mwanangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa na mtu wa serikali, ameketi kwenye kigoda changu.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Kikamba na sitakuimbia. Ulisema kuna kuku aliyekataa kupekua na wenzake, akakaa kivulini akiuliza shamba ni la nani, hata mvua ikaja ikapita naye. Jina la Syombua halikuwemo, na hapo nilijiona mwerevu kweli. Nilitia tu namna yake ya kufunga leso, na namna alivyochechemea mguu wa kushoto, basi. Naona haya kusema hili, lakini ulikuwa wimbo mtamu kuliko yote niliyowahi kutunga.

Ulienea upesi. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi waliuimba huku wakichechemea. Syombua akija mtoni, wanawake walivuta mitungi yao kando. Ilipofika zamu ya kumchimbia matuta, hakutokea mtu. Mimi nilituma salamu kwamba mtoto wangu ana homa, na mtoto alikuwa mzima, anakimbizana na kuku uani.

Alhamisi moja hakupanda lori, na askari wakamtembelea. Sisi tulikuwa njiani juu ya boma lake, majembe begani, zaidi ya wanawake thelathini. Walitoka na sufuria yake kubwa, ile aliyotupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila tulipomchimbia. Yeye alisimama mlangoni, hakulia wala hakuwashika mkono. Askari walikuwa wawili tu, mwanangu, na mmoja hakuwa hata na bunduki. Nyuma yangu mtu akaanza kuuimba ule wimbo, lakini aliuanza vibaya, juu mno, ukamshinda. Wakanitazama. Nikauanzisha.

Mgeni mkubwa alikuja, akachelewa, akasikiliza nusu ya wimbo, akatupungia mkono akaondoka. Naibu alinipa zawadi mbele ya watu, kitu kikubwa kimefungwa kwa gazeti. Nilipofika nyumbani nikakifungua. Ilikuwa sufuria. Unajua wanawake wa huku huziandika sufuria zao chini kwa msumari, zisipotee zikiazimwa kwa harusi na matanga. Chini ya ile palikuwa na S na M, herufi za Syombua na marehemu mume wake. Niliziona herufi hizo. Nataka unielewe hapo, maana nimewahi kuisimulia habari hii nikasema sikuziona. Niliziona, nikaigeuza, nikaitia maji, nikapika.

Mama mkwe wangu alirudi kutoka shambani akaketi kula. Hakujua kusoma, lakini sufuria ile aliijua kwa ubonyeo wake wa ubavuni, kwani ni yeye aliyeiangusha siku ya kumzika mume wa Syombua. Aliweka sahani chini.

"Mimi sili," akasema.

"Mwaitu, nimepewa na naibu."

Mwaitu ni mama, nami nilimwita hivyo kwa heshima. Akasema, "Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hii utakula peke yako. Wale askari wako na mshahara, wanatumwa, wakikataa wanafutwa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nikasema sote tulikuwa tunaogopa.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Ndio maana nilinyamaza. Wewe mbona uliimba?"

Alichukua kikombe cha maji akaenda kukaa nje, na chakula kile nikawamwagia mbwa.

Asubuhi niliisugua sufuria kwa majivu nikampelekea mwenyewe. Aliipokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu cha mgeni. Kitinda mimba wake, Ndinda, wa miaka mitatu hivi, alikuwa uani akicheza na udongo. Alikuwa anaimba wimbo wangu na kupiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Anaupenda sana," Syombua akasema. "Hajui ni mimi." Akaiweka sufuria mekoni. "Hii nimeshukuru, umerudisha. Sasa ule wimbo utaurudisha namna gani?"

Hata leo sijui, mwanangu. Nilikwenda kumchimbia siku mbili, peke yangu, lakini mtu mmoja hawezi mteremko ule. Mvua za masika zilipokuja matuta yake yalipasuka, na udongo wote ukaenda. Alihamia kwa kaka yake Kathiani na watoto wake wanne. Wimbo ulibaki hapa miaka mingi. Ningeweza kusimama barazani, au hata kanisani, niseme kwamba niliimba uongo juu ya mwanamke aliyeuliza swali la haki. Sauti nilikuwa nayo. Nilingoja siku nzuri ya kusema, na Syombua akafa kabla haijafika.

Basi neno langu kwako ni hili. Wenye nguvu wana rungu, lakini rungu halitoshi. Askari wawili hawawezi kijiji kizima. Ni lazima kijiji kiwasaidie kwa kuamini, na kwa kucheka. Kwa hiyo mkubwa akija kusifu kipaji chako, uwe unaimba, unaandika au unafundisha watoto, muulize anataka kipaji hicho kimfanyie nani nini. Ukiambiwa watu wacheke tu, tafuta ni nani hatacheka. Na ukiogopa, ogopa. Sitakudanganya kwamba kuogopa ni dhambi. Lakini woga wangu ulinidai ninyamaze tu. Kuimba kulikuwa kwangu mwenyewe, kwa kupenda sifa, na hilo siwezi kumsingizia naibu wala serikali yake. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukijikwaa ulimi, rudi useme siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Usingoje kama mimi.

Sasa sogea. Mzee wa kwetu akimbariki kijana humtemea mate kidogo kifuani, na nilifikiri nikupeleke kwa mwingine mwenye kinywa safi kuliko changu. Lakini ni mimi uliyekuja kuniomba, na kinywa nilicho nacho ni hiki. Mungu akupe sauti nzuri na watu wa kuiitikia. Na siku wakubwa watakapokutaka umwimbie mnyonge wimbo wa kumcheka, akukaushe koo.