Seva Iliyotaka Salamu

"Simu ya Garsen ikinyeshewa inakohoa. Wewe utapitisha barua humo?" Aliyeuliza ni mwenye duka jirani, na baraza lake zima likacheka. Wengine walinitabiria kuchoma mkaa kabla ya Ramadhani.

Niliwaacha wacheke. Katika ukoo wetu wote, kutoka kijiji cha Kulesa hadi cha Golbanti, hakuna aliyekuwa na diploma ya kompyuta isipokuwa mimi, na niliipata kwa kubeba magunia Mombasa mchana na kusoma jioni. Mashine niliinunua kwa kukopa. Shangazi yangu wa Kulesa aliuza mpunga wake. Mwenye duka, pamoja na kicheko chake, alinikopesha kidogo. Fungu kubwa alilitoa mzee mmoja wa Kiorma, mfanyabiashara wa ng'ombe. Nikaifunga nyumbani, nikavuta waya wa simu, nikatundika kibao mlangoni: BARUA PEPE HAPA.

Barua zikawa zinaingia vizuri. Kutoka, hata moja haikutoka. Kila nilipotuma, seva, yaani ile kompyuta kubwa ya Nairobi inayopitisha barua za wateja wake, ilijibu kwamba haipitishi barua za mgeni. Mgeni! Mimi niliyelipia! Nilibadilisha modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu, nikaandika anwani upya herufi kwa herufi. Nilipopiga simu Nairobi, waliniambia kasoro iko kwangu.

Kisha mafuriko yakakata barabara. Yule mzee akaja na bei ya madume wake, iandikwe kwa mnunuzi wa Nairobi.

"Kesho isipofika," akasema, "atanunua kwingine. Nami mashine naichukua. Nitaitumia kuwekea maziwa."

Asubuhi alirudi, akanikuta nimeinama juu ya nyaya. Sikuinua hata kichwa. "Mzee, niongezee pesa za simu nijaribu tena."

"Ebo! Mombasa ndiko walikokufundisha kuomba kabla ya kusalimu? Hujauliza boma, hujauliza ng'ombe, hujauliza mvua, mkono umeshanyooka! Kwetu mtu wa namna hiyo hapewi hata maji."

Mwingine angesikia matusi. Mimi nilisikia jibu.

Nilikuwa nimeipanga mashine itume kwanza, ndipo ichukue barua zilizoingia. Na laini niliyopiga, ili kuokoa gharama ya simu, ilikuwa ya kampuni nyingine, ya Mombasa, kwa hiyo seva ya Nairobi iliona mtu asiyejulikana akibisha na mzigo begani. Lakini nilipochukua barua zangu, nililazimika kutaja jina na neno la siri. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu! Nikitangulia kuchukua, itanijua, na kwa dakika chache itaniachia mlango wazi. Chuoni hawakunifundisha hilo, na Nairobi hawakunieleza. Nililing'amua mwenyewe, Garsen, kwenye kiti cha ukindu.

Nilisimama nikamsalimu mzee salamu kamili: boma, watoto, ng'ombe, malisho, mvua, amani. Aliitikia moja baada ya nyingine, uso ukilegea. Kisha nikaketi, nikachukua barua kwanza, ndipo nikatuma.

Ikaenda.

Jioni jibu likaingia. "Anasemaje?" mzee akauliza.

"Anawataka wote. Barabara ikifunguka tu."

Tangu hapo kibao changu hakikuchekwa tena. Walioniambia nitachoma mkaa walipanga foleni mlangoni, na niliwatoza bei ile ile kama watu wengine, bila kuwapunguzia.

Siku niliyolipa madeni niliwaita wote watatu nyumbani kwangu, mbele ya mashine. Shangazi alifunga pesa zake kwenye pindo la leso, akanitemea mate ya baraka kichwani. Mwenye duka alipokea akitazama chini. Yule mzee akanyoosha mkono kabla hajaketi.

Nikaurudisha wangu nyuma, na pesa ndani yake.

"Bado, mzee. Habari za boma?"