Matao Niliyoyafuta

Mwaka 2013 nilikuwa fundi wa mageti Kakuma, na macho yangu yalikuwa yanakufa. Daktari aliniambia bila kuzungukazunguka: niache moto wa kuchomelea, au niendelee nipofuke. Nikiacha nitakula nini, hakusema.

Basi niliposikia kwamba chuo kimoja cha ufundi Lodwar kinatafuta mwalimu wa uchoraji, nilijua mlango ni huo na hakuna mwingine. Cheti sikuwa nacho, ila jaribio lilikuwa la mkono: bikari, rula na karatasi. Nani wa kunitisha kwa bikari? Kila geti langu lilikuwa na ua la petali sita, nililolichora juu ya bati kwa msumari, uzi na chaki. Unazungusha duara, kisha kwa uzi uleule, bila kuurefusha wala kuufupisha, unakata ukingo mara sita, na mara ya sita unajikuta palepale ulipoanzia. Njia hiyo haikuwahi kunisaliti hata siku moja.

Tulikuwa watatu. Msimamizi, mama mmoja wa ofisini, alitutaka tuchore pembesita yenye pande sawa kwa bikari na rula tu. Nilimaliza kabla jirani yangu hajachonga penseli. Pande zilikutana safi kabisa, nikajipongeza kimoyomoyo. Halafu nikachukua raba, nikafuta duara na vile vitao vyote vilivyokatwa na bikari, nikapuliza vumbi, nikapeleka.

Lazima nieleze. Mteja wa Kakuma hapokei geti lenye alama. "Fundi, futa hii chaki yote," atakuambia, "geti yangu si daftari." Kwangu mimi kazi haijaisha mpaka alama zitoke.

Yule mama aliigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Matao yako wapi, mzee?"

"Nimesafisha, madam."

"Sasa nitajuaje hukupima na protrakta?"

Nikamwomba karatasi nyingine nichore mbele yake. Akasema kila mtu ni karatasi moja. Nikasema nitachora hata sakafuni, kwa chaki. Wenzangu wakacheka. Kazi alipewa mmoja wao, ambaye pembesita yake ilikuwa imepinda, niliiona kwa macho yangu haya mabovu, lakini matao yake yote yalikuwepo. Nilimchukia yule mama miezi mizima. Kisha nikakubali kwamba aliyefuta ni mimi, na hilo likaniuma zaidi.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nilirudi Kakuma nikawasha moto uleule, na macho yakafanya kama daktari alivyosema. Kabla mwaka haujaisha, nilimaliza geti la mama mwenye duka, nikalipangusa kama kawaida. Akaja kulitazama.

"Ejok, fundi," akanisalimu kwa Kiturkana. "Na hii chaki umeachia nani?"

"Iko wapi?"

Alidhani namtania. Akanishika mkono, akauweka juu ya tao lenyewe. Nilitazama pale kwa muda mrefu, nikaona bati tu.