Kodi ya Kampuni na Chumba cha Mbele

Nyumba tuliyopanga Majengo ina vyumba vya mbele vinavyotazama barabara na vya nyuma vinavyotazama uani. Mimi nakaa nyuma, nashona sare za shule. Chumba kimoja cha mbele alikaa mjane mtu mzima, mzaliwa wa Milepa, aliyeuza uji wa ulezi mlangoni pake kila asubuhi. Chumba hicho kilikuwa makazi yake na riziki yake.

Mwaka jana mwenye nyumba alimwambia atafute pa kwenda. Kampuni moja ya simu ilitaka kukigeuza chumba kuwa fremu ya duka, na ilikuwa tayari kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Sikumwona mwenye nyumba kuwa mtu mbaya. Paa lilikuwa linavuja, na upepo wa huku kwetu Ufipa haumwonei huruma mwenye bati lililolegea.

Wiki hiyohiyo ukaitishwa mkutano wa mtaa. Diwani alitueleza wazo alilotaka kulipeleka kwenye baraza la madiwani: sehemu ya ushuru ambao manispaa inatoza makampuni itengwe, itumike kujenga vyumba vya kupangisha kwa bei nafuu.

"Kwa maneno mepesi," akasema, "kodi ya kampuni impatie mwananchi nyumba."

Yule mama akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Kodi ya kampuni ndiyo inayonitoa kwenye nyumba. Sasa itanipatiaje nyingine?"

Watu wakacheka. Nyuma yangu mtu akasema, "Bibi kachanganya kodi hizo." Diwani akaanza kueleza tofauti ya kodi ya pango na kodi ya serikali, kisha akaacha katikati, akamgeukia yule aliyesema.

"Hajachanganya," akasema. "Kampuni ni ileile. Kodi moja inamtoa, na hiyo imeshafanya kazi. Tunaloomba ni ya pili nayo ifanye."

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mwenyeji wa Mbeya, akapinga kwa heshima. "Leo mnatenga, kesho mtaongeza. Kampuni ikiongezewa, inapandisha bei. Atakayelipa ni mama huyuhuyu, kwenye vocha."

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, polepole, kwa kusoma. Hoja ile niliipima kwa siku kadhaa na sikuweza kuitupa yote. Lakini mzigo ukigawanywa kwa kila anunuaye vocha, kila mmoja anabeba kidogo. Mama aliubeba peke yake, pamoja na sufuria zake.

Nilikuwa nimeunga mkono wazo la diwani, na wengi pia. Likaenda barazani. Ninapoandika haya, bado liko huko.

Mama hakuweza kulisubiri. Alihamia kwa mdogo wake pembezoni mwa mji, ambako wapita njia ni wachache na uji unapoa kabla ya kununuliwa.

Mwezi uliopita alikuja kusajili laini kwenye fremu ile, nikamsindikiza. Kijana wa kaunta alikuwa ameketi karibu na ukuta.

"Shikamoo, bibi. Karibu."

"Marahaba." Mama akaangalia ukuta, kisha sakafu. "Mjukuu wangu, hapo ulipokaa ndipo kilipokuwa kitanda changu."

Kijana akainuka upesi, kama mtu aliyefumwa ameketi kwenye kitanda cha bibi yake. Akamsogezea kiti. Mama akakaa, naye akamsajilia laini akiwa amesimama.