Kengele ya Mkwe Wangu

Mashua niliyofanyia kazi miaka ya tisini ilikuwa na watu wawili wa kuiendesha, na hakuna kati yetu aliyeweza kuiendesha peke yake. Juu, kwenye kibanda cha mbele, alisimama kapteni na usukani. Chini, karibu na mkia, nilikaa mimi na injini ya dizeli, pamoja na gia ndefu kama mwiko wa kusongea ugali wa matanga. Yeye aliona ziwa lote lakini hakuweza kugusa gia. Mimi nilishika gia lakini sikuona ziwa, ila lile lililopenya kwenye mbao.

Kati yetu ilipita kamba. Ilianzia karibu na mkono wake wa kushoto, ikapita chini ya viti vya abiria, ikaishia kwenye kengele ya shaba juu ya kichwa changu. Mlio mmoja, mbele. Miwili, toa gia. Mitatu, nyuma. Milio ya haraka haraka, ongeza mafuta. Na jioni, tukishafunga gatini Kisumu, aliivuta taratibu, kengele ikalia kwa uvivu: zima, twende nyumbani.

Hapo mwanzo kengele ilikuja na matusi. Kapteni, ambaye wote tulimwita Mzee, aliinama kwenye tundu la sakafu akanipigia kelele mpaka akina mama wa samaki wakashika mbavu.

"We bwana! Hiyo gia ya nyuma unaiweka ama unaiposa?"

"Mzee, shika usukani! Mambo ya jikoni niachie mimi!"

"Jikoni gani? Hata chai ingekuwa imeiva!"

Kumbe nilikuwa naposa kweli, ila si gia. Binti yake alikuwa akimletea chakula gatini, na siku nyingine chakula kilitosha watu wawili. Ng'ombe wa mahari walipofika kwa mzee, matusi yakakatika siku hiyo hiyo. Kwetu Waluo mkwe hatukanwi, wala hataniwi. Akaacha kuniita bwana, akaniita "ora", yaani mkwe wangu. Nami nikamwita Baba. Baada ya salamu za asubuhi kila mmoja alienda mahali pake, na aliyekuwa na jambo zito alilipitisha kwa mke wangu.

Mimi sikuona taabu. Kengele ilitosha. Nilijua mlio wa mzee aliyelala vizuri na mlio wa mzee aliyeamka na mgongo. Niliamini hakuna wakwe kando ya ziwa waliozungumza kwa adabu kutushinda.

Kisha likaja gugu maji. Ungeamka asubuhi ukute ghuba imekuwa kijani kama shamba, na mizizi ikijisokota kwenye propela mpaka injini inaguna. Dawa ilikuwa kwenda nyuma na mbele, nyuma na mbele, mpaka propela iiteme. Kengele ililia hadi masikio yakaziba.

Ndipo tajiri, mwenye mashua, mfanyabiashara wa Kondele, akaja na fundi na sanduku. Ndani mlikuwa na mkono mfupi wenye kichwa cheusi na kebo mbili ndefu, moja ya gia, nyingine ya mafuta. Ukiusukuma mkono, mashua inaenda mbele. Ukizidi kuusukuma, mafuta yanaongezeka. Ukiuvuta, inarudi nyuma. Yote kwenye kiganja cha kapteni.

Nilielewa kazi ya kifaa hicho kabla fundi hajamaliza kueleza, na nikaelewa pia kazi yangu inaelekea wapi. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nilitumaini mzee atasema kwamba chini lazima akae mtu, injini si mbuzi wa kufungwa na kuachwa. Neno lake tajiri angelisikia. Hakulisema. Nami sikuweza kumwuliza. Mkwe haombi kutetewa.

Fundi alinitaka nipitishe kebo kwenye matundu yale yale ya kamba. Nikashika ncha za chini, mzee akajaribu juu. Ilibidi tuongee.

"Ora, imeshika?"

"Imeshika, Baba. Rudisha."

"Na hivi?"

"Hapo imepita kidogo. Ngoja niilegeze."

Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipooa. Ilinichoma.

Tukaijaribu safari ya Kendu Bay. Nilikaa chini nikitazama gia ikitembea yenyewe, na kila mara mkono wangu uliruka kuisaidia. Gati la Kendu lilikuwa limezibwa na magugu, mzee akayapasua, nyuma na mbele, upesi kuliko tulivyowahi kufanya tukiwa wawili. Haki isemwe, kifaa kilikuwa kizuri.

Jioni tajiri akanivuta kando. "Kijana, si umeona mwenyewe? Chini hakuna kazi tena. Na wa kukata tiketi ni ndugu yangu. Mwisho wa mwezi tuachane vizuri."

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaacha kuchambua mboga.

"Kwani hukujua? Baba ndiye aliomba hiyo kitu."

"Aliomba nifutwe?"

"Aa, wewe! Aliomba asikupigie kengele. Si unajua alikuwa boi wa mzungu huko Kericho? Mezani kulikuwa na kengele, ikilia anakimbia. Anasema kila akivuta ile kamba anasikia haya. Mtu amekuletea ng'ombe, halafu unamwita kama boi? Amembembeleza tajiri miezi. Alifikiri utapanda juu, mshike usukani kwa zamu."

Hasira ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa.

"Nimwambie amekumalizia kazi?"

Akilini nilimwona mzee aking'oa kebo kwa mikono yake, au akiacha kazi kwa aibu, sote wawili tukae njaa.

"Mwambie nimepata kazi ya kinu cha posho, Bondo."

"Umepata?"

"Nitapata."

Na nilipata, baadaye. Kisha nikashika pampu ya maji Kisian, kisha mbali zaidi, na tangu hapo sijajua kutulia. Lakini asubuhi ile ya kuondoka nilipita gatini. Mzee akashuka, akavua kofia.

"Ora, nasikia unaenda Bondo. Ni kazi ya kukaa juu?"

"Juu, Baba. Hata dirisha iko."

"Hiyo ni sawa. Sasa hakuna mtu atakupigia kengele."

"Asante, Baba. Nimeona ulichonifanyia."

Alifurahi hata akasahau adabu, akanipiga begani. Kisha akapanda, akausukuma ule mkono. Kamba walikuwa wameitoa, lakini kengele waliiacha pale pale chini, na mashua ilipoyumba kuondoka nikaisikia ikilia mara moja. Mbele. Ikaenda mbele.