Beki wa Barafuni

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilifanya kazi katika uwanja wa barafu nje kidogo ya Birmingham, kwenye kaunta ya kukodisha viatu vya kutelezea. Nilipokea viatu vilivyolowa, nikavikausha, nikavipulizia dawa na kuvirudisha rafuni kwa namba zake. Kutoka Sparkbrook nilipanda mabasi mawili, na miezi ya kwanza sikujali kabisa kilichokuwa kikiendelea barafuni. Michezo niliiacha Kenya. Shuleni nilicheza hoki ya nyasi miaka minne, nafasi ya beki, na magoti yangu yana makovu mpaka leo.

Aliyenirudisha kwenye kutazama ni kijana wa jirani zangu, familia ya Wakongo kutoka Bukavu. Alikuja na shule yake akiwa na miaka kumi na mitatu, akaanguka siku nzima, na wiki iliyofuata akarudi peke yake. Kocha wa vijana, Mwingereza mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akamwazima helmeti na vifaa vya kujikinga. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa beki wa timu ya vijana ya hoki ya barafuni.

Jumamosi moja kocha akanijia kaunta mbio mbio. Mtu wa timu kubwa alikuwa anakuja kuchagua vijana, na msaidizi wa kocha alikuwa mgonjwa.

"Uliniambia ulicheza beki," akasema. "Niandikie kuhusu mabeki wangu. Mimi nitakuwa nawaangalia washambuliaji."

"Lakini mimi nilicheza kwenye nyasi."

"Beki ni beki," akanijibu, akanipa karatasi na kalamu.

Nikakaa kando ya mgeni, mwanamume mrefu mwenye chupa ya chai, ambaye salamu yangu aliijibu kwa kutikisa kichwa tu. Mechi ikaanza.

Yule kijana aliteleza kinyumenyume kwa kasi ileile ya mshambuliaji aliyemjia, kama watu wawili waliofungwa kwa kamba moja. Hakukitazama kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombania. Alimtazama mshambuliaji kifuani, akamsukuma polepole kuelekea ukutani bila kumgusa, mpaka nafasi ikaisha. Hapo ndipo aliponyoosha gongo na kukichukua kisahani kwa upole, kama mtu anayeokota kitu chake. Kisahani kilipokimbilia pembeni alikifuata, lakini kabla ya kukifikia aligeuza kichwa, akatazama nyuma ya bega la kulia, kisha la kushoto. Alipokigusa tayari alijua mwenzake yuko wapi. Sisi shuleni tulipigiwa kelele mwaka mzima kuhusu jambo hilo moja, na bado wengi hatukulipata. Nikagundua nimesahau kuandika.

"Mdogo wa mwili," mgeni akasema, zaidi kwa chai yake kuliko kwangu. "Na hafungi mabao."

"Mtazame kipa wa timu yake," nikamwambia. "Kijana huyu akiwa ndani, kipa anasimama tu. Akitoka kupumzika, kipa anahangaika."

Akatazama kwa muda. Halafu akanigeukia.

"Udhaifu wake ni nini?"

Ningeweza kusema hana. Lakini karatasi ilikuwa mkononi, na nilishaandika: akigeukia kushoto, anachelewa. Nikampa. Akasoma, akashuka kwenda kumnong'oneza kocha wa wapinzani, na kipindi kilichofuata wakamtuma mshambuliaji wao mwenye kasi kuliko wote apite upande huohuo.

Mara ya kwanza kijana alipitwa, na bao likaingia. Nikajilaumu kwa kuandika vile. Mara ya pili aligeuka, mguu ukamkwama, akaanguka kifudifudi. Lakini akiwa pale chini alinyoosha gongo mpaka mwisho wa mkono na kukifagia kisahani. Mshambuliaji akaendelea na safari yake mikono mitupu. Kijana akainuka, akakiwahi, akatoa pasi katikati ya uwanja. Mgeni akaandika kitu kirefu.

Mechi ilipokwisha kijana alikuja kaunta, jasho linamtiririka.

"Anti, uliandika nini juu yangu?"

Nikamweleza yote, hata la kushoto. Akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Ni kweli," akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu. "Mi najuwaka. Niliwaza hakuna mutu anaona."

Barua ilifika baada ya wiki mbili. Walimtaka kwa mazoezi ya msimu uliofuata, ila arekebishe kugeuka kwake. Meneja wa uwanja akamruhusu kuingia asubuhi kabla ya kufungua, kwa kuwa mimi nilikuwepo. Mimi nikipanga viatu, yeye alizunguka vibao vya plastiki, kushoto, kushoto tena, mpaka barafu ikaota mduara mweupe. Hakuna aliyemsimamia. Kufikia kiangazi sikuweza tena kukisia upande wake dhaifu ni upi, na nilijaribu.

Aliichezea timu ile misimu miwili. Kisha akaamua kwenda chuo kusomea ufundi wa lifti, na hoki ibaki ya wikendi. Yule mgeni alipiga simu nyumbani kwao mwenyewe kumbembeleza, kijana akamshukuru na kukataa. Aliniambia tukiwa tumesimama Stratford Road, mimi na mifuko yangu ya sokoni. Nilitaka kumbishia, lakini alinieleza taratibu, jambo moja baada ya jingine, nikaona amelipima kuliko ambavyo mimi ningelipima.

Basi nikamwambia ambacho sikuwahi kumwambia: kwamba katika mabeki wote niliocheza nao na niliowatazama, wa nyasi na wa barafu, sijaona anayesoma mchezo mapema kama yeye. Akaona haya, akacheka, akanipokea mfuko wa viazi na kunisindikiza mpaka mlangoni.