Editha sasa anarekodi mikono tu

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Editha Mapunda anaegemeza simu yake kwenye rundo la rejista za zamani, anafuta kioo chake kwa ncha ya khanga, kisha anamwomba Brightson aweke mikono mezani.

Brightson ni dereva wa bajaji, ana miaka ishirini na sita. Amepita ofisini kuweka akiba yake ya wiki kabla hajaingia Barabara ya Pugu. Anatia saini kitabu chake, na simu inarekodi kalamu, karatasi na mikono yake, basi.

Wakimaliza, Editha haiweki video mtandaoni. Anamgeuzia kijana simu aangalie mwenyewe, na Brightson anaitazama mara mbili.

"Hiyo saa, Mama," anasema. "Watu wananijua kwa hiyo saa."

Editha anaifuta video bila kunung'unika. Brightson anavua saa, anaitia mfukoni, wanaanza upya.

Ukiyaona haya kwa mara ya kwanza unaweza kucheka, na mwandishi wa simulizi hii alicheka. Chama cha akiba na mikopo kinasaka vijana mtandaoni, lakini ukurasa wake wote ni mikono: mikono inayosaini, mikono inayoshona, mikono inayokaanga chipsi. Editha hakucheka. Alisema tu kwamba kuna mtu aliyelipia somo hilo, na mtu huyo si yeye.

Editha ana miaka hamsini na mbili, ni mzaliwa wa Mbinga, na hapa Gongo la Mboto wengi wanamwita Mama Venance kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni karani wa Tujikwamue SACCOS kwa mwaka wa kumi na saba sasa. Mshahara wake ni shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi, na kwa mshahara huo yeye ndiye karani, mhudumu, mfagiaji na, tangu miaka mitatu iliyopita, mtu wa mitandao.

Kazi hiyo ya mwisho hakuiomba. Ilimwangukia baada ya mwaka mmoja ambao chama kilizika wanachama sita na kusajili wawili.

"Sie wote tulikuwa tunazeeka pamoja," anasema. "Nilikuwa nikifungua rejista naona majina ya marehemu yanafuatana. Nikajiuliza, mie nikistaafu, hii ofisi nitamwachia nani ufunguo?"

Wakati huo, kati ya wanachama mia mbili na kumi na wanne, waliokuwa chini ya miaka thelathini na mitano walikuwa kumi na tisa tu. Kamati ikaamua chama kifungue ukurasa. Editha akaufungua, na kwa miezi minne akaweka humo matangazo ya mkutano mkuu yenye mhuri, yaliyopigwa picha upande. Aliyeyapenda ni mwenyekiti, Mzee Mwinshehe Pazi, peke yake, na hata yeye alikiri baadaye kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya.

Aliyemwokoa ni Hamisa Likwata.

Hamisa alikuwa msusi wa miaka ishirini na mitatu, mwenye asili ya Kilwa, aliyepanga nusu ya fremu ya duka jirani na ofisi. Alijiunga na chama kwa sababu alitaka mahali pa kuficha akiba yake mbali na mkono wake mwenyewe. Siku moja akauona ukurasa ule, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kumfundisha Editha.

Alimfundisha kuegemeza simu kwenye rejista. Alimfundisha kukata salamu ndefu, kwa sababu kijana hamalizi shikamoo ya dakika nzima kabla hajapeleka kidole juu. Zaidi ya yote alimwambia aache kusoma kanuni za chama na aongee kama anavyoongeaga akienda dukani. Ndipo Editha akarekodi video ya kwanza iliyopata watu, akisema kwamba hisa ni kiti chako ndani ya nyumba na akiba ni unga unaoweka kabatini: ukiwa huna kiti utakula umesimama, na ukiwa huna unga utakalia kiti na njaa.

Vijana wakaanza kuuliza chini ya video. Mafundi simu, wasusi, madereva wa bajaji, dada wa chipsi. Editha aliwajibu mmoja mmoja, usiku na mchana, kwa bando lake mwenyewe. Ndani ya mwaka mmoja walijiunga vijana thelathini na wanane. Hamisa akamwanzishia kundi la WhatsApp la vijana, na jina la kundi akaliweka "Watoto wa Mama Venance".

Hapa inabidi msomaji aelezwe desturi moja ya Tujikwamue, maana ndiko jambo lenyewe liliko.

Tangu chama kianzishwe, mwanachama akipata mkopo husimamishwa. Yaani kwenye kikao cha mwezi anasimama mbele ya wenzake, anataja kiasi alichopewa kwa mdomo wake, anaonyesha alichonunua au anachokwenda kununua, na ukumbi unampigia makofi matatu. Wazee waliona kwamba anayeshuhudiwa na wengi hatakimbia. Upande wa pili wa desturi hiyo haukuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyeona haja: yaliyosemwa ukumbini hayatoki nje. Watu wamekaa miaka ishirini na kitu bila hata mke wa mtu kujua mumewe alisimamishwa.

Hamisa alisimamishwa mwezi Machi mwaka jana. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha rangi ya machungwa. Alisema amepata milioni moja na laki nane, akaonyesha draya na viti viwili, akasema sasa atapanga fremu nzima. Kisha machozi yakamtoka, akacheka huku analia, na ukumbi ukasahau makofi matatu ukapiga mengi.

Editha alikuwa akirekodi, na Hamisa aliiona simu. Alidhani ni kumbukumbu ya ofisi.

"Ilikuwa video nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," anasema Editha, na hapo sauti yake inapungua. "Nikaipandisha Jumapili jioni. Sikumwuliza. Neno moja tu, nikasahau kumwuliza."

Kufika Jumanne ilikuwa imetazamwa mara elfu sitini na tatu. Kwenye kamati ilikuwa sherehe. Mzee Mwinshehe aliituma kwa wakwe zake Bagamoyo na kwa kila mtu aliyekuwa na namba yake. Mtu fulani asiyejulikana akaichukua, akaiwekea mdundo wa singeli, na kilio cha furaha cha Hamisa kikawa kitu cha kuchezea watu Dar nzima.

Simu zilianza kutoka Kilwa siku hiyohiyo. Wajomba wawili. Kaka mkubwa aliyekuwa anaoa, ambaye kamati yake ya harusi ilimletea Hamisa kadi ya mchango ya laki tatu na jina lake limeshaandikwa. Binamu aliyelazwa. Mwenye fremu naye akaja na kodi mpya, akisema ameona mambo yake yamenyooka.

Wenye ndugu wanaelewa. Mtu ambaye kila mmoja anajua hana, anasamehewa. Hamisa alikuwa ametaja kiasi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya nchi nzima, na hakuwa tena na pa kujificha. Angemwambia nini mjomba, kwamba yule kwenye video si yeye?

Ndani ya miezi mitano mtaji uliisha. Hamisa akauza viti, kisha akauza draya, na pesa ya draya hakuila. Aliipeleka Tujikwamue, akamaliza mkopo wake wote kabla ya muda. Siku iliyofuata, kwenye kundi la "Watoto wa Mama Venance", ukatokea mstari mmoja mdogo unaosema Hamisa amejiondoa. Kitabu chake cha uanachama hakuja kukichukua.

Editha alifuta video, lakini ile yenye singeli haikuwa yake kuifuta. Wengine kumi na mmoja walijiondoa baada ya Hamisa. Mmoja wao, fundi simu anayeitwa Faraji, alimwambia kwa adabu zote: "Mama, sie tunakupenda, ila mie siwezi kuanikwa."

"Hamisa kukasirika kungenisaidia," anasema Editha. "Hakuniletea ugomvi. Aliuza draya ili mie nisiaibike kwa kamati. Hilo ndilo linaloniamsha."



Ndiyo maana sasa ni mikono tu, na ndiyo maana mwenye mikono huona kwanza. Wanaojiunga ni wachache, wawili au watatu kwa mwezi, na video haitazamwi na zaidi ya watu mia tano. Kwenye kamati wapo wanaonung'unika kwamba ukurasa umepoa. Editha anawaacha wanung'unike. Kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao atapeleka hoja kwamba hakuna simu inayoingia ukumbini mtu anaposimamishwa, na kabla ya hoja hiyo anataka yeye mwenyewe asimame mbele ya wanachama na kutaja kosa lake, kama wanavyotaja mikopo yao.

Lakini kuna jambo alilotaka kulifanya kwanza, na kwa miezi kadhaa lilimshinda. Alikuwa amekwenda mara mbili hadi kona ya nyumba ya shangazi yake Hamisa, na mara zote mbili akanunua nyanya asizozihitaji na kurudi.

Jumamosi iliyopita alivuka kona, mwandishi akiwa nyuma yake.

Siku hizi Hamisa anasukia barazani kwa shangazi yake, na vifaa vyake ni kigoda kimoja, mkeka na kioo kilichoegemezwa ukutani. Alipomwona Editha alisimama, akapangusa mikono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusukwa."

Hamisa alimtazama. Editha ni mjane wa miaka minane, na kwa miaka yote hiyo kichwa chake hakijatoka kwenye kilemba. Hamisa akauliza mtindo gani. Editha akasema msuko wa twende kilioni, ile ya mistari ya kurudi nyuma, kwani hajui nyingine. Akafungua kilemba, akakaa kwenye mkeka kati ya magoti ya binti aliyewahi kumfundisha kushika simu.

Mistari mitano ilikwisha. Kuku wa jirani alipita, akatimuliwa, akarudi.

"Sikukuuliza," akasema Editha, uso wake ukiangalia ukuta.

"Ndiyo, Mama. Ungeniuliza ningekukatalia."

"Najua. Nilijua siku ileile. Ndiyo maana sikukuuliza."

Vidole vya Hamisa vilisimama. Kwa mwandishi hili lilikuwa jipya: katika mazungumzo yote ya wiki mbili, Editha alikuwa amesema alisahau tu. Kisha Hamisa akachukua chanuo, akapiga mstari wa sita.

"Inama kidogo," akasema. "Huku nyuma zimekaza."

Hawakulirudia tena jambo lile. Kazi ilipoisha, Hamisa alimwelekezea kioo, na Editha akajitazama, akageuza shingo huku na huku. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba kutafuta simu, mazoea ya miaka mitatu, kisha ukarudi mtupu. Alilipa, na Hamisa akapokea pesa ya kusuka, hakuiongeza wala kuipunguza.

"Twende kilioni haikai," Hamisa akasema, akikunja mkeka. "Wiki tatu itakuwa imefumuka. Ikifumuka, rudi."

Njiani Editha hakuvaa kilemba. Alikishika mkononi, akawaitikia salamu wote waliomshangaa. Ndani ya mkoba wake kilikuwemo kitabu cha uanachama cha Hamisa, alichokuwa amekichukua kwenye droo ya ofisi asubuhi ile, na hakikutoka mkobani.

Mwandishi akamwuliza kwa nini hakumpa.

"Leo nilikwenda kama mteja," akasema. "Ningekitoa leo ingekuwa nimekwenda kumsajili. Wiki tatu si nyingi. Nitamwuliza kwanza kama anakitaka."