Maji ya Zamu ya Kijiji

Sikupaswa kumwitikia mwalimu. Kila nikisikia harufu ya uji uliochacha, uji tuliokuwa tukiutumia kama gundi ya kubandikia gazeti la ukutani shuleni kwetu Rangwi, naisikia tena sauti yake: "Zakaria, wewe unajua kuandika. Kijijini kuna habari gani?" Zilikuwa enzi za Ujamaa, nami nilikuwa na habari moja tu.

Mfereji wetu ulishuka kutoka msituni, na kila shamba lilikuwa na siku yake ya maji. Mwaka ule mvua ziligoma, siku nyingi zikapewa shamba la kijiji. Mama alinisimulia jikoni, akicheka huku akipunga moshi, jinsi yeye na wenzake, siku ya zamu ya kijiji, walivyotoa bonge la udongo na majani lililoziba njia ya maji ya kwenda mashambani mwao, wakayanywesha maharage yao kidogo, kisha wakaziba kama palivyokuwa. Nikaandika yote, pamoja na majina. Nikapigiwa makofi mstarini.

Mkutano wa kijiji uliwanyima maji wanawake wale mpaka mavuno. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Mwanangu, yale niliyasema jikoni."

Jirani yetu, Mama Yohana, hakuwa na subira hiyo. "Hodi kwa Mama Gazeti! Leo mmepika nini? Au tungoje tukasome ukutani?" Wenzake waliangua kicheko, na mama akacheka nao. Lakini tangu hapo, nikiingia jikoni, mazungumzo yaligeukia hali ya hewa.

Mimi niliona nimepata kazi. Nikaandika habari za mahakama Tanga, za mkonge, za mpira, nikasoma taarifa redioni, na nilipochoka na magazeti nikaandika vitabu juu ya maisha ya wanawake wa milimani. Watu nisiowajua walinifungulia vifua vyao. Nilijitetea miaka mingi kwamba nilichobandika kilikuwa kweli. Nilichelewa kuelewa kuwa siku ile jikoni mama alikuwa amenihesabu mtu mzima.

Alipokuwa anakaribia kufa, alituita wanawe kitandani. Dada zangu walikaa. Mimi aliniomba, kwa upole, nikangoje nje. Alichowaambia sikijui mpaka leo, nao hawajaniambia.